Kiu ya Chanzo: Daktari Kandt na Mji wa Kigali

Kilima cha Nyarugenge, Kigali, kilipata nyumba yake ya kwanza ya mtawala wa Kijerumani kwa sababu mtu mmoja alitaka kuona mahali mto unapotokea. Mtu huyo ni Richard Kandt, daktari wa magonjwa ya akili, aliyezaliwa Posen mwaka 1867 katika familia ya Kiyahudi na kuitwa Kantorowicz kabla ya kubadili jina. Mwaka 1897 aliacha udaktari, akatoa fedha zake mwenyewe, akaja Afrika Mashariki kutafuta chanzo cha mto Nili. Miaka 10 baadaye ndiye aliyeteuliwa kuwa mwakilishi wa dola ya Kijerumani Rwanda, na kilima alichokichagua kikawa mji.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Biryogo, mtaa ulio chini kidogo ya pale alipojenga. Nyumba hiyo leo ni makumbusho yenye jina lake, na mara kwa mara nawapeleka wanafunzi wangu. Wao hukimbilia nyoka waliofugwa pale. Lakini tukishatoka nje, wakiwa wamekaa kivulini, swali huwa ni lile lile: Mwalimu, mtu na akili zake anaachaje hospitali kwa ajili ya maji?

Swali hilo nalipenda, na silijibu haraka. Nawaambia kwanza kwamba Kandt hakuwa wa kwanza kushikwa na kiu hiyo. Kaisari Nero wa Roma alituma askari kuupanda mto huo, wakakwama kwenye vinamasi vya kusini mwa Sudan. Katika karne ya 17 mchongaji Bernini aliweka sanamu ya Nili katikati ya Roma akaifunika kichwa kitambaa, maana hakuna aliyejua unaanzia wapi. Mwaka 1862 John Speke alifika Jinja, akayaona maji yakitoka Ziwa Victoria, akatangaza kwamba kazi imekwisha. Miaka miwili baadaye alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, siku moja kabla ya kukutana hadharani na Richard Burton, aliyempinga.

Ziwa, hata hivyo, huingiwa na mito. Mkubwa kuliko yote unaoingia Victoria ni Kagera, na hapo ndipo Kandt alipoegemea. Oscar Baumann, Mwaustria, alikuwa amekwisha kupita Burundi mwaka 1892 akasema chanzo kiko kwenye mto Ruvubu. Kandt hakuridhika. Karibu na maporomoko ya Rusumo, ambapo leo malori yanavuka mpaka kati ya Rwanda na Tanzania, Ruvubu unakutana na mto unaoshuka kutoka kwetu. Akalinganisha wingi wa maji ya mito hiyo miwili, akaona wetu umeuzidi Ruvubu. Basi akaufuata wetu, akapanda nao.

Anayeijua Nyabarongo kwa kuiona tu darajani, pale chini ya Mlima Kigali kwenye barabara ya kwenda Muhanga, ataelewa ni kazi ya namna gani. Maji yake ni mazito, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba udongo wa vilima vya nusu ya nchi. Kila bonde linachangia. Kila kijito kinaweza kudai kwamba chenyewe ndicho mzazi. Kandt alipanda hadi pale Mbirurume na Mwogo inapokutana na kuwa Nyabarongo, akachagua Mwogo, kisha akauacha akashika Rukarara, mto unaotoka msitu wa Nyungwe. Mwaka 1898 akafika mwisho wake. Hakukuta maporomoko wala bwawa la buluu. Alikuta shimo dogo lenye unyevu mwishoni mwa korongo, maji yakichuruzika tone kwa tone.

Hapo ndipo huwataka wanafunzi wangu watulie. Mtu amesafiri kutoka Ulaya hadi pwani, kutoka pwani hadi Tabora, kutoka Tabora hadi huku, na alichokipata kinatosha kulowesha kiganja. Tena kilikuwa na jina tayari. Waliokaa kando ya Rukarara walikuwa wakiuita Rukarara siku zote, na hakuna hata mmoja wao aliyeuona kuwa fumbo.

Kuna na wale waliomfikisha. Msafara wa zama hizo haukusogea bila wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na watu wa pwani, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, juu ya kichwa au begani, kutwa nzima. Mahema, vipimo, dawa, vitambaa na shanga za kununulia chakula, vyote vilipanda vilima vyetu juu ya vichwa vya watu. Lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Mnyapara alihesabu mizigo kwa Kiswahili alfajiri, na jioni ugomvi wa posho uliamuliwa kwa Kiswahili. Kandt alikuwa na kiu. Wao walikuwa na miguu. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1904, Caput Nili, kina jina la mtunzi mmoja tu kwenye jalada, kama ilivyo desturi ya vitabu, lakini safari ile haikuwa na mtembeaji mmoja.

Kilichotokea baada ya chemchemi ndicho kinachonivuta zaidi. Mtu mwingine angefunga mizigo na kurudi nyumbani kupokea pongezi. Ile hamu ya Nili, iliyomfanya aache kila kitu, ilikuwa imeshiba kwa karibu mwaka mmoja tu tangu atoke kwao. Lakini Kandt hakuondoka. Alijenga makazi Shangi, kando ya Ziwa Kivu, akaanza kuzunguka ziwa hilo na kulichora. Akakusanya mimea, ndege na wanyama, akavipeleka Berlin. Wataalamu wa huko wakampa jina lake kima wa dhahabu wa milima ya Virunga, na ndege mmoja mdogo mwenye kichwa cheusi. Wanyarwanda nao walimpa jina lao, wakamwita Kanayoge. Naamini hapo ndipo alipoanza kuiona nchi yenyewe. Mpaka Rukarara, Rwanda kwake ilikuwa njia ya kupitia.

Sisemi hivyo kumpamba. Dola aliyoitumikia ilitawala kwa bunduki, na yeye alikuwa mkono wake. Wala Wanyarwanda hawakumkaribisha kwa mikono miwili. Alipofika kwenye makao ya Mwami, mfalme wa Rwanda, mwaka 1898 aliletewa mtu mzima aliyejifanya Yuhi Musinga, ilhali Musinga mwenyewe alikuwa kijana wa miaka kama 15, akilindwa na mama yake Kanjogera na wajomba zake. Mgeni aliyekuja kutafuta ukweli kuhusu mto alinyimwa hata sura ya mfalme. Nawasifu walinzi wale. Walijua thamani ya kutoonyesha kila kitu.

Mwaka 1907 Kandt alipokabidhiwa Rwanda, hakwenda kukaa Nyanza karibu na Mwami. Alichagua Nyarugenge, karibu na mlima uliokuwa ukiitwa Kigali zamani sana kabla yake, mahali palipo kama kitovu cha nchi, ambapo njia za kutoka pande zote zingeweza kukutana. Kulikuwa na jambo jingine la mahali hapo. Mila ilikataza mfalme mwenye jina la Yuhi kuvuka Nyabarongo, na Kigali iko ng'ambo ya Nyabarongo ukitokea Nyanza. Kwa hiyo mto ule ule ambao kwa Kandt ulikuwa swali la jiografia, kwa Musinga ulikuwa mpaka wa ufalme na mwili wake. Mmoja aliufuata mpaka tone la mwisho. Mwingine aliheshimu ukingo wake. Nikilinganisha hamu hizo mbili, ya kujua na ya kutunza, sioni sababu ya kuiita moja elimu na nyingine ushirikina.

Mji ukakua haraka kwa biashara. Wahindi na Waarabu walifungua maduka, wakanunua ngozi za ng'ombe, wakauza vitambaa na chumvi. Pamoja nao walikuja Waswahili: wapagazi waliochoka kubeba, askari, wapishi, wakalimani, wachuuzi. Huko ndiko kulikochipua mtaa wetu na misikiti yake, na ndiyo sababu bibi yangu aliota ndoto zake kwa Kiswahili katika nchi ya Kinyarwanda. Kandt aliondoka kwa likizo mwaka 1913. Vita vilimkuta Ulaya, akavutwa humo kama daktari, na Aprili 1918 akafia Nuremberg, na huko akazikwa. Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuishika Kigali tangu 1916. Uhuru ulipokuja mwaka 1962 mji huu ulikuwa na watu kama 6,000 tu, ukafanywa makao makuu ya nchi kwa sababu ile ile ya kuwa katikati. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya watu milioni 1.7.

Na chanzo cha Nili? Kiu haikuisha na Kandt. Mwaka 1937 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, alichagua chemchemi ya kusini kuliko zote, huko Rutovu nchini Burundi, na piramidi ikajengwa juu yake. Mwaka 2005 Mwingereza Neil McGrigor na wenzake wawili wa New Zealand walianza kuupanda mto kutoka Misri kwa mashua za injini, mwenzao mmoja akauawa na waasi kaskazini mwa Uganda, na tarehe 31 Machi 2006 wakafika Nyungwe wakitangaza, kwa vipimo vya satelaiti, chemchemi iliyo mbali zaidi ya zote. Kandt alifuata maji mengi zaidi, Waldecker kusini ya mbali, na hawa urefu. Kila mmoja alipata chanzo kulingana na swali alilokuja nalo.

Kwa maji, tofauti hizo hazimdhuru mtu. Kwa binadamu, kiu ya chanzo ilitugharimu. Speke yule yule wa Jinja, katika kitabu chake cha 1863, aliandika kwamba watawala wa falme za maziwa makuu walitoka Ethiopia. Wazungu wengi waliomfuata walilirudia wazo hilo na kulipeleka Rwanda: Watutsi wakapewa asili ya mbali kama vile mto, na wakafanywa wageni kwao. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Léon Mugesera aliuambia umati kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya Nyabarongo. Mahakama ya Kigali ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2016. Lakini kabla ya hukumu hiyo, mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wauaji walifanya alichokisema. Miili ilipita Nyabarongo, ikapita Rusumo, mahali pale pale Kandt alipolinganisha mito, ikafika Ziwa Victoria. Wavuvi na wanakijiji wa Uganda waliitoa majini na kuizika Kasensero, Lambu na Ggolo.

Siwezi kufundisha habari za Kandt na kuruka hayo. Ni mto mmoja. Wanafunzi wangu wengine wana ndugu katika makaburi yale, na wanajua kuliko mimi maji hayo yanaelekea wapi.

Kwa hiyo ninapowasimulia sianzii tena kwenye shimo la Rukarara. Naanzia Tabora, alfajiri, mnyapara akihesabu mizigo. Nawapa kila mmoja jiwe la kubeba kutoka lango la shule hadi Nyarugenge, wapokezane njiani, na wakifika wanaandika ukurasa mmoja kwa sauti ya mpagazi: anatoka wapi, anaacha nani, anafikiri nini juu ya bwana anayetafuta maji. Baadhi ya kurasa hizo ni nzuri kuliko mengi niliyoyasoma juu ya safari ile. Ninazitunza. Na ninaiomba nyumba ya makumbusho, ambayo imemwekea Kandt sanamu, iwape wapagazi ukuta mmoja: aina za mizigo, frasila zake, njia ya Tabora hadi Nyungwe, na maneno ya kazi waliyoyaleta. Mimi na wanafunzi wangu tuko tayari kuuandika.