Kati ya Hiari na Ridhaa

Dkt. Tatu Kamau alipofika Mahakama Kuu ya Machakos mwaka 2017 akitaka Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya 2011 ibatilishwe, hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mwanamke mzima ana haki ya kuuamulia mwili wake. Haki hiyo tunaiita mara uchaguzi, mara hiari, mara ridhaa, kana kwamba yote ni mamoja. Uchaguzi tuuache, maana kwa Mkenya unanuka kampeni. Ridhaa ni kulikubali jambo ambalo mwingine amekwisha kuliweka mbele yako. Hiari ni kuwa na njia mbili, na ushike yoyote bila kuadhibiwa. Mtu aweza kabisa kuridhia jambo ambalo hakuwa na hiari nalo.

Garissa ndiko tofauti hiyo inakojitokeza wazi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 kuhusu idadi ya watu na afya ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wanawake wa kaunti hiyo wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, hali kitaifa ni karibu asilimia 15. Kaskazini Mashariki, iliko Garissa, wengi hukatwa kabla ya kutimiza miaka 10. Kinachojadiliwa nyumbani ni aina: ya kifirauni, yaani kukata na kushona, au ile wanayoiita sunna, inayodaiwa kuwa nyepesi, tena aitwe ngariba au muuguzi? Wanaoamua ni mama na nyanya. Kutokata hakumo kwenye mazungumzo, kwa kuwa asiyekatwa hutukanwa na jamaa huuliza ataolewa na nani. Kifungu cha 25 cha sheria hiyo ya 2011 kinamwadhibu anayemtusi mwanamke kwa kutokeketwa, na Bunge halitungi sheria dhidi ya matusi yasiyokuwepo.

Wapo watakaouliza: kifungu cha 19 kinapokataa ridhaa isiwe utetezi, hata ya mtu mzima, si kinamfanya mwanamke mtoto? Pingamizi hili ni zito, na wanaharakati hulipita mbio mno. Ni kweli sheria inambana mtu mzima. Lakini ukifungua mlango huo, kila ngariba atakayekamatwa atasema, "Aliridhia," na wa kumkanusha atakuwa binti anayetakiwa kumshtaki mama yake mzazi. Wengine watataja hijabu, wakidai nayo ipimwe kwa kipimo hichohicho. Na ipimwe: vazi huvuliwa kesho, kiungo kilichokatwa hakirudi.

Machi 2021 majaji watatu wa Mahakama Kuu walilitupa ombi la Dkt. Kamau. Ibara ya 44 ya Katiba, inayokataza mtu kulazimishwa kufuata mila, ndiyo inayolinda hiari. Basi enyi watafsiri na watangazaji, mnapokieleza kifungu cha 19 semeni ridhaa. Neno hiari liwekeni pale tu msichana wa Garissa anapoweza kukataa kisu na bado akaposwa.