Kaa Nyumbani, Lakini Nyumba Ipi?

Tukisimulia korona hapa kambini, wengi tunakumbuka barakoa na njaa. Mimi nafanya kazi na vijana, na nataka tuandike pia habari ya wapenzi wa jinsia moja, maana historia yao imepita mipakani.

Mwaka 2014 Uganda ilipoweka sheria kali dhidi yao, wengi walikimbilia Kenya. Busia, na Malaba iliyo wilaya ya Tororo, ndiyo milango ya upande huo. Mahakama ilifuta sheria mwaka huohuo, lakini woga ulibaki.

Machi 2020 mlango ukafungwa: malori ya mizigo yalipita, abiria hapana. Ndani, amri ikawa kaa nyumbani. Sasa aliyefukuzwa kwao akae wapi? Wengine waliishi pamoja kwenye makazi ya hifadhi huko Kyengera, karibu na Kampala. Tarehe 29 Machi polisi waliwavamia, wakakamata watu 23. Kati yao 20 walishtakiwa kwa tendo la kuweza kueneza ugonjwa, wakakaa rumande karibu siku 50 huku wakinyimwa wanasheria. Mei mashtaka yaliondolewa. Juni Mahakama Kuu ikasema haki zao zilivunjwa.

Ila hofu haitoki siku gereza linapofunguliwa. Mtu halali, akisikia hodi anashtuka, hana wa kumwambia.

Ndugu mfanyakazi wa misaada, siku nyingine ukitangaza watu wajifungie ndani, uliza kwanza: humo ndani wanaishi na nani?