Mita 60 Kutoka Maji Yapi?

Msomaji wa visiwani hana haja ya kufundishwa kupwa na kujaa. Tangu utotoni anajua kwamba mchanga ulio wazi asubuhi utafunikwa kabla ya alasiri, na hamjui mtu mwenye akili zake aliyechimba msingi wa nyumba penye maji yaliyopwa, akajitetea kwamba alikikuta kiwanja kitupu. Bahari huenda na kurudi mara mbili kwa siku, na somo lake halisahauliki kwa kuwa hurudiwa kila siku. Leo nataka kusimulia habari za maji mengine, ambayo nayo hupwa na kujaa, ila kwa kipimo cha umri wa binadamu. Ni maji ya Ziwa Tanganyika, na mahali penyewe ni Bangwe, kata iliyo kusini ya bandari ya Kigoma, katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji.

Nilikuwa huko mwaka 2024, masika yalipokwisha. Serikali ilikuwa imefunga uvuvi ziwani kwa miezi 3, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Mitumbwi ilikuwa imepandishwa juu kuliko ilivyo desturi, maana ufukwe wenyewe ulikuwa umemezwa na maji. Chini ya mwembe mmoja kijana mpimaji alikuwa akiwaeleza watu sheria. Alieleza kwa adabu na kwa uvumilivu: kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mwambao wa ziwa, na kwamba waliojenga humo wamejiweka hatarini wenyewe. Bibi mmoja, ambaye kazi yake ya miaka yote ni kuanika dagaa, akaomba kuuliza.

“Mwanangu, mita hizo zinaanzia maji yapi?”

“Zinaanzia ukingoni mwa ziwa, bibi.”

“Ukingo wa leo, ama wa mwaka nilioolewa? Maana nilipoolewa hapa, kwenda kuchota maji ilikuwa safari.”

Watu wakacheka, na kijana naye akacheka, akafunga daftari lake. Mimi nilishindwa kucheka. Swali la bibi yule nilikuwa nimekutana nalo zamani, katika vitabu, nisilitambue kuwa ni swali.

Mimi sikusomea historia wala kazi ya tafsiri. Nilijifunza kwa kamusi na kwa taa ya chemli, na katika ujana wangu nilikuwa nikijizoeza kwa kutafsiri kurasa za wasafiri wa karne ya 19. Richard Burton, aliyefika Ujiji na mwenzake John Speke mwezi wa Februari 1858, aliitaja Bangwe kuwa ni kisiwa. Nilipofika kwenye neno hilo nikasita. Bangwe nilikuwa nimekwenda kwa miguu yangu, na viatu vyangu havikulowa. Nikadhani ni kosa la mwandishi, au mgeni yule aliiona nchi kwa mbali akaikosea, nikaandika “rasi”. Leo naona kwamba mfasiri ndiye aliyekosea. Nilimsahihisha shahidi kwa sababu ushahidi wake haukulingana na macho yangu.

Mashahidi wengine hawakukosekana. Henry Stanley alikutana na David Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871. Aliporudi mwaka 1876 alikuta ile miti 3 ya jamii ya mchikichi, aliyoiacha sokoni pa Ujiji, imesimama ndani ya ziwa, kiasi cha futi 100 kutoka ukingoni. Katika miaka mitano tu soko lilikuwa limegeuka maji. Sababu yake ilikuwa mbali, ng'ambo ya pili, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na mito mingi huingia humo, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga. Verney Lovett Cameron aliufikia mlango huo mwaka 1874, akaukuta umesongwa na majani. Maji yaliyokosa njia yakapanda mwaka hata mwaka, hata mnamo 1878 yakaanza kukivunja kizuizi kile na kujipatia njia.

Mwaka huohuo akafika Ujiji Edward Hore, nahodha aliyekuwa katika Shirika la Misheni la London. Alikuwa mtu wa bahari, na kazi moja aliyojipa ilikuwa kupima kimo cha maji hapo Ujiji. Mwaka 1879 akavuka hadi Lukuga, akaukuta mto unakwenda kwa nguvu. Katika miaka ipatayo 15 iliyofuata, ziwa lilishuka kiasi cha mita 10. Tafakari, ewe msomaji, mita 10 za kwenda chini huwa ni nchi kubwa kiasi gani kwenye mwambao wa mteremko mdogo. Mji wa Ujiji, uliokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, na ambamo Kiswahili chetu kilipanga nyumba na kuoa, ukaachwa mbali na maji. Wajerumani walipotafuta bandari wakachagua ghuba ya Kigoma yenye kina kirefu, na reli ikafika huko mwaka 1914. Toka hapo Kigoma ikawa ndiyo “mwisho wa reli”, na Ujiji ikawa jirani yake mkongwe. Nayo Bangwe, iliyo katikati ya miji hiyo miwili, ikaungana na bara.

Basi ramani zote tulizorithi zilichorwa wakati maji yamepwa. Mjerumani alichora bandari yake maji yakiwa yamepwa. Mwingereza alipotunga sheria ya mipango ya miji na vijiji, mwaka 1956, maji yalikuwa bado chini. Halafu mvua kubwa za 1961 na miaka iliyofuata zikalipandisha ziwa kwa haraka, hata mwaka 1964 likafika kimo ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Wazee wa leo walikuwa watoto wakati huo. Maji yalipoanza kushuka tena, taratibu, watu nao wakayafuata taratibu. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, iliyowatoa watu wa mkoa huo katika makazi ya kutawanyika na kuwaweka katika vijiji vya pamoja. Miji ikakua, watoto wakahitaji viwanja, na ardhi iliyo karibu na mitumbwi ndiyo iliyokuwa karibu na riziki. Aliyejenga huko alijenga juu ya nchi kavu aliyoizoea tangu kuzaliwa. Kumwita mvamizi ni rahisi. Ila ukweli ni kwamba hakuna aliyempa habari, na ile waliyokuwa nayo babu zake ilikuwa imekufa pamoja nao.

Tangu mwishoni mwa 2019 ziwa likaanza kupanda tena, na mwaka 2024 kimo chake kikakaribia kile cha 1964. Bujumbura, upande wa Burundi, mitaa mizima iliingiwa na maji. Upande wetu wa Kigoma nyumba za mwambaoni na sehemu za kushushia samaki zilifunikwa.

Hapa ndipo msomaji wa pwani anapoingia katika kisa hiki, hata kama hajapata kukanyaga Kigoma. Mwaka 1961 na mwaka 2019 vilifanana kwa jambo moja. Katika miaka yote miwili upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ule unaopakana nasi, ulikuwa na joto kuliko kawaida, na upande wa mashariki ulikuwa baridi. Hali hiyo husukuma mvua nyingi kuingia bara la Afrika Mashariki. Mwaka 1997 vilevile. Kwa hiyo maji yaliyoingia uani kwa yule bibi wa Bangwe yalianza safari yao kwenye bahari ileile inayopiga kuta za Mji Mkongwe. Zamani misafara ilitoka pwani kwa miguu na kufika ziwani baada ya miezi. Mawingu hayana wapagazi, lakini njia yao ni hiyohiyo.

Sasa nirudi kwenye matunzo ya mahali, maana huko ndiko nilikokuwa nikielekea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Bangwe nyufa ni mbili. Ya kwanza iko juu, vilimani, ambako miti imepungua na mvua hutelemsha udongo moja kwa moja hadi kwenye makazi. Mtaro ukijaa mchanga, maji ya mlimani hutafuta njia nyingine, nayo ni mlango wa mtu. Ya pili iko chini, ukingoni. Mwaka ambao ziwa limepanda, maji ya juu na maji ya chini hukutana katika nyumba ileile. La ukingoni linahitaji serikali nne zinazopakana na ziwa, ambazo mwaka 2003 zilitia saini mkataba wa kulitunza kwa pamoja. La mlimani linahitaji majembe na makubaliano.

Na makubaliano yanahitaji siku. Nilimwuliza mwenyeji wangu mbona mitaro haizibuliwi, akanijibu kwamba kila msaragambo ukitangazwa, nusu ya wanaume wako ziwani au wamelala kwa kukesha. Nikakumbuka kwamba dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi ukipevuka wavuvi hupumzika, kwa kuwa mwanga wa mbinguni huishinda karabai. Basi kumbe siku za kutunza mtaa zimeshapangwa kila mwezi, tena bila barua ya mtendaji. Anayepanga matunzo ya kijiji cha wavuvi kwa kalenda ya ofisini, Jumamosi kwa Jumamosi, atawapata wanawake, watoto na wazee peke yao. Akipanga kwa mwezi mpevu atawapata wote. Mpango mzuri hauanzi na mchoro. Huanza kwa kujua watu wanalala saa ngapi.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumwaga yule bibi. Alinionyesha ukutani alama ya maji, mstari wa tope uliofika magotini pangu, akaniomba, kwa kuwa nilikuwa na kalamu, niandike mwaka. Nikaandika 2024. Wino juu ya tofali hautadumu misimu miwili, na ukuta wenyewe sijui kama utadumu zaidi. Lakini ombi lake lilikuwa ndilo jibu la swali alilomwuliza mpimaji.

Sheria ya mita 60 ni njema, wala sijaandika haya ili ivunjwe. Ila mita huhitaji mahali pa kuanzia, na mahali hapo pasipoonekana kwa macho ya kila mtu, kila kizazi kitaanzia penye maji ya wakati wake. Ninachoomba ni kitu kidogo kisichozidi gharama ya mkutano mmoja wa semina: nguzo za saruji, zisimikwe katika kila mtaa wa mwambao, Bangwe na Katonga, Kibirizi na Ujiji, zikiwa zimechongwa miaka na vimo. Chini kabisa maji ya kawaida, juu yake 1964, kando yake 2024, na juu mno 1878. Mpimaji aanzie hapo. Mwenye kununua kiwanja aonyeshwe nguzo kabla ya kuonyeshwa hati. Na aliyejenga ndani ya mstari kabla nguzo haijasimama asifukuzwe kama mwizi. Apewe kiwanja cha juu, na njia ya kushuka kwenye mtumbwi wake, maana riziki yake haitapanda mlima pamoja naye.

Hore alifanya kazi hiyo peke yake karibu miaka 150 iliyopita, akiwa mgeni. Sisi wenyeji tuna saruji, tuna shule zenye watoto wanaojua kusoma tarakimu, na tuna wazee wachache ambao bado wanaukumbuka mwaka 1964. Hao wazee ndio wa kuwahi, kwa kuwa ziwa litangoja. Nami katika nakala yangu ya zamani nimekwisha kulifuta neno “rasi”, nikaandika kama alivyoandika mwenyewe.