Bawabu wa Ugogo

Neno bawabu limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nalo linatokana na bab, yaani mlango. Bawabu ni mtu asimamaye mlangoni. Huyu humfungulia na yule humzuia. Wasemaji wengi wa bara husema mlinda mlango au mngoja mlango, na kati ya majina hayo mawili kuna tofauti ya kutazamwa. Angojaye mlango humtazamia ajaye; aulindaye humshuku. Katika masimulizi ya Kiislamu, Ridhwani ni bawabu wa pepo, na kazi yake ni kuwapokea wema. Katika tafsiri ya Biblia iliyotoka mwaka 1952, Injili ya Yohana inamtaja bawabu amfunguliaye mchungaji wa kondoo. Lakini mlinda mlango wa kandanda husifiwa kwa kuzuia tu, wala hakuna mpita njia amkaribishaye. Basi kazi ni moja, lakini heshima yake hugeuka kwa kadiri ya mambo.

Katika karne ya 20 elimu nazo zilimwazima bawabu. Mwaka 1943 Kurt Lewin, mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyezaliwa katika himaya ya Wajerumani akahamia Marekani, alichunguza jinsi chakula kinavyofika mezani kwa watu. Aliona ya kuwa chakula hupita njia zenye malango, na katika kila lango yupo mtu aamuaye kipi kipite na kipi kibaki. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mama wa nyumba. Mwaka 1950 David Manning White aliipeleka fikra hiyo katika magazeti. Alimchunguza mhariri mmoja aliyepokea habari nyingi kila siku akazitupa nyingi kuliko alizochapa, naye alimpa jina la mzaha lenye maana ya Bwana Malango. Tangu hapo madaktari wamelitumia neno hilo kwa tabibu wa kwanza apelekaye mgonjwa kwa bingwa, na wachunguzi wa mila na jamii wamelitumia kwa mkubwa wa mahali, ambaye bila idhini yake mgeni hawezi kuwauliza watu neno.

Katika karibu maana hizi zote mna jambo moja lisilosemwa wazi: bawabu si mwenye nyumba. Mhariri ana mwenye gazeti, tabibu ana serikali au shirika, na Ridhwani ana Mola wake. Bawabu ameaminiwa lango la mwingine. Historia ya uwanda wa kati wa Tanzania, penye mji wa Dodoma hivi leo, ina habari ya mabawabu wa namna nyingine, waliokuwa na haki katika lango lenyewe. Malipo waliyopokea yaliacha katika Kiswahili neno ambalo sasa halitamkwi pasipo aibu, nalo ni hongo.

Katika karne ya 19 njia kuu ya biashara kutoka pwani, hasa kutoka Bagamoyo, ilipanda mpaka Mpwapwa, ikapita Ugogo, ikafika Unyamwezi na Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji katika ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilishuka kwa njia hiyo, na nguo, shanga, nyaya na bunduki zilipanda. Ugogo haukuwa na boma la kuzuia njia wala mlango wa mbao. Lango lake lilikuwa maji. Upande wa mashariki ulikuwapo mwitu mkavu ulioitwa Marenga Mkali, jina lenye maana ya maji makali. Upande wa magharibi, kuelekea Unyamwezi, ulikuwapo mwitu mwingine uitwao Mgunda Mkali, ambao wapagazi waliuogopa kwa kiu na njaa yake. Msafara uliotoka katika mmoja wa nyika hizo ulifika Ugogo umechoka, nao haukuweza kuingia katika wa pili pasipo kujaza vibuyu vyake na kununua nafaka.

Nchi hiyo nayo si nchi ya neema nyingi. Mvua yake huanza mnamo Desemba na kwisha mnamo Aprili, na miezi iliyobaki ni ya jua. Maji ya kiangazi hupatikana katika madimbwi na katika visima vichimbwavyo ndani ya mchanga wa mito iliyokauka. Wagogo walikaa katika matembe yao, wakafuga ng'ombe, wakalima uwele na mtama. Kila eneo lilikuwa na mtemi wake, ambaye kazi yake ya asili haikuwa vita wala biashara, bali kuitunza nchi na kuiombea mvua. Hapakuwa na mfalme mmoja wa Ugogo wote. Kwa hiyo msafara uliomlipa mtemi mmoja ulikuwa bado haujamlipa jirani yake.

Malipo yenyewe yalifuata utaratibu. Msafara ulipiga kambi, ukatuma watu kwa mtemi, na mazungumzo yakaanza, ambayo aghalabu yalichukua siku kadhaa. Hesabu ilifanywa kwa nguo: shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane, merekani nyeupe, kaniki na nguo za rangi. Sehemu ilikuwa ya mtemi, na sehemu nyingine ilikwenda kwa wake zake, wanawe na washauri wake. Kabla ya kupatana, msafara ungeweza kunyimwa maji. Hongo ikiisha kupokewa, wageni walipata kuteka maji, kununua chakula na kwenda zao kwa amani. Mwenye msafara naye hakuwa mnyonge kabisa. Zilikuwapo njia zaidi ya moja za kuuvuka Ugogo, na mtemi aliyezidisha madai aliweza kuona misafara ya mwaka ufuatao ikipita kwa jirani yake. Kwa hiyo watemi walikuwa na sababu ya kudai, na walikuwa na sababu ya kujizuia.

Habari nyingi za malipo hayo zimefika katika vitabu kwa mikono ya wale walioyalipa. Richard Burton na John Speke walipita Ugogo mwaka 1857; Speke alirudi pamoja na James Grant mwishoni mwa mwaka 1860; Henry Stanley alipita mwaka 1871 katika safari yake ya kumtafuta Livingstone. Wote waliandika juu ya hongo kwa uchungu. Burton aliiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mali anyang'anywayo mtu kwa vitisho, na wasomaji wa London walijifunza ya kuwa Wagogo ni watu wa tamaa na kiburi. Wasomaji hao hawakuambiwa kwa uzito ule ule ya kuwa msafara wa watu mamia, ukifika katika nchi ya visima vichache, hunywa maji ya ng'ombe na hula akiba ya kiangazi. Katika nchi za Ulaya za wakati ule, meli iliyoingia bandarini ililipa ushuru, na aliyekataa kulipa aliitwa mvunja sheria. Tendo lililokuwa ushuru huko liliitwa unyang'anyi Ugogo, kwa kuwa aliyeandika alikuwa mpita njia, na mwenye kisima hakuandika.

Haifai, hata hivyo, kumtetea bawabu kupita haki yake. Hongo haikuwa na kipimo kilichowekwa. Ilipanda kwa hofu ya mgeni na kwa wingi wa mizigo yake. Ucheleweshaji uliwaumiza kwanza wapagazi, ambao posho yao iliisha wakati wakubwa wakibishana. Tena katika misafara iliyoshuka pwani walikuwamo watu waliofungwa minyororo, na nguo ziliwapitisha hao kama zilivyopitisha pembe. Bawabu aulizaye malipo bila kuuliza kinachopita ana sehemu katika dhambi ya njia. Lakini kosa hilo ni la namna moja na kosa la kila forodha ya zama zile, wala halilifanyi lango kuwa si lake.

Kuvunjwa kwa lango hilo kulikuja kwa bunduki. Mwaka 1890 Mjerumani Carl Peters, akirudi kutoka Uganda, alipita Ugogo, akagombana na Wagogo juu ya hongo, akapigana nao, akachoma vijiji vyao na kuchukua ng'ombe wao. Mwenyewe aliyaandika mambo hayo kwa kujisifu. Serikali ya Kijerumani ikaweka maboma Mpwapwa na Kilimatinde, na hongo ikakomeshwa kuwa ni uonevu kwa wasafiri. Kisha, tangu mwaka 1898, serikali hiyo hiyo ikadai kodi ya nyumba kwa wenyeji. Msomaji aone jinsi mambo yalivyogeuka: watu walioitwa wanyang'anyi kwa kudai malipo kwa mgeni aliyekunywa maji yao, sasa walidaiwa na mgeni malipo kwa kulala ndani ya matembe yao. Malipo haya ya pili hayakuitwa hongo. Mwaka 1910 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma, na gari la moshi likauvuka mwitu wa Marenga Mkali bila kumwuliza mtu maji. Misafara ya miguu ikafifia, na lango likawa halina mpitaji.

Maana ya kukosa bawabu ilionekana katika Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Wajerumani lilikusanya ng'ombe na nafaka za Ugogo. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalifika Dodoma, nayo yakachukua chakula na wanaume wa kubeba mizigo. Hakuna aliyepiga kambi siku kadhaa akingoja idhini ya mtemi. Mvua nazo zikakosekana, na njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, ikaua watu kwa maelfu na kuwatawanya wengine. Ukame peke yake hautoshi kuieleza njaa hiyo. Ugogo ulikuwa umezoea ukame, na ulikuwa na akiba ya kuungojea. Usilolizoea ni kupitiwa na majeshi mawili yasiyozuilika mlangoni. Hapo ndipo hongo, pamoja na kasoro zake zote, huonekana kwa sura nyingine: kwa hongo nchi maskini iliweza kumwambia mpitaji ya kuwa akiba yake ina mwenyewe na ina mwisho.

Baada ya vita Waingereza waliitawala Tanganyika, na kwa sheria ya mwaka 1926 watawala wa kienyeji waliwekwa chini ya serikali, wakapewa mishahara na kazi ya kukusanya kodi. Watemi wa Ugogo waliendelea kuitwa watemi, lakini lango halikuwa lao tena. Walisimama kati ya mkuu wa wilaya na watu wao, wakimfungulia wa juu na kuwazuia wa chini. Wamekuwa mabawabu kwa maana ya wataalamu wa karne ya 20, yaani waangalizi wa lango la mwingine. Utawala wao ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, na wengi hawakuulilia.

Neno hongo lilibaki, na safari yake inafanana na ya watemi. Lilikuwa jina la malipo yatolewayo hadharani, mbele ya wazee, kwa mtu mwenye haki ya mahali. Sasa ni jina la malipo yatolewayo kwa siri, kwa mtu asiye na haki nayo. Kinacholitenga neno la zamani na la sasa si nguo wala fedha, bali ni mambo mawili: lango ni la nani, na mpokeaji ana deni gani kwa aliyetoa na kwa watu wake. Mtemi alidai kwa sababu ya maji ya nchi aliyoitunza, na akiisha kupokea alifungwa kumpitisha mgeni salama. Mtumishi wa ofisi apokeaye hongo anauza haki ambayo ni ya yule yule anayemwuzia. Kuwaita wote wawili kwa neno moja, pasipo kueleza, ni kumtukana wa kwanza na kumpa wa pili ukongwe asioustahili.

Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917, alichapisha mwaka 1954 kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, na kwa kazi hiyo mwenyeji akaingia katika maktaba ambamo wapita njia walikuwa wamesema kwa miaka karibu mia. Mji wa Dodoma, ulioamuliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi, leo umejaa malango ya wizara na Bunge, na mbele ya kila lango yupo bawabu. Mtafiti ajaye kuuliza habari za kale katika vijiji vya Mvumi au Bahi huja na barua ya kibali, ambayo hupita mkoani, wilayani na katani kabla ya kumfikia mwenyekiti wa kijiji. Hubisha hodi katika malango mengi kabla ya kupewa maji ya kunywa. Wageni waliomtangulia katika njia hiyo waliona uchungu kwa kungoja. Akijua kwa nini neno hongo lilikuwa na heshima kabla ya kuwa na aibu, huenda akangoja kwa adabu zaidi, na akaandika kwa haki zaidi juu ya wale waliomfungulia.