Mkopo kwa Mhitaji, Zawadi kwa Mshindi

Kijana wa Kitanzania aliyemaliza kidato cha sita na kupata nafasi ya chuo kikuu ana milango miwili ya fedha za umma. Wa kwanza ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo kilichoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004. Wa pili, uliofunguliwa mwaka wa masomo 2022/2023, ni Samia Skolashipu, ufadhili usiorejeshwa wanaopewa waliofaulu zaidi masomo ya sayansi. Mlango wa kwanza umewekwa kwa ajili ya mhitaji, na humhoji vilivyo. Wa pili haumuulizi mtu kipato cha wazazi wake. Tofauti hiyo inanisumbua, kwa sababu kodi inayogharimia milango yote miwili ni ileile.

Tuanze na mahojiano. Mwombaji wa mkopo hulipa shilingi 30,000 za maombi, huhakiki cheti chake cha kuzaliwa, hutafuta mdhamini, na hupeleka fomu kugongwa mihuri ya serikali ya mtaa au kijiji na ya wakili au hakimu. Akiwa yatima, huleta vyeti vya vifo. Kila sharti lina sababu yake. Fedha za umma hazigawiwi kwa kuaminiana tu. Tatizo ni kwamba masharti haya huchukulia kuwa kila ufukara una karatasi yake. Mfikirie binti aliyelelewa na mama muuza mbogamboga. Baba yu hai, ila hajaonekana nyumbani tangu binti akiwa darasa la pili. Kisheria binti huyu si yatima, na cheti chake cha kuzaliwa kina jina la mwanamume ambaye fomu inadhani bado anamtunza. Ataonyesha nini? Mwenzake, ambaye wazazi wake walizikwa kijijini bila taarifa kumfikia msajili, anahangaikia vyeti vya vifo vya miaka kumi iliyopita huku dirisha la maombi likikaribia kufungwa. Hata cheti cha kuzaliwa hakikuwa cha kila mtu: mpango wa kusajili bure watoto wa chini ya miaka mitano ulianzia Mbeya mwaka 2013, na wengi wa waombaji wa leo walikuwa wameshaupita umri huo.

Kaya zinazonufaika na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) zina nafuu, kwa kuwa umaskini wao umekwisha kuandikwa na serikali yenyewe. Walio nje ya daftari hilo, na ni wengi, wanaachiwa wao kazi ya kuuthibitisha.

Sasa tuingie mlango wa pili. Wanaoutetea wana hoja nzito: nchi inahitaji wahandisi na madaktari, na kijana aliyejituma anastahili tuzo. Hilo silibishi. Ninachokataa ni kuyasoma matokeo ya mtihani kana kwamba wote walianza mbio mstari mmoja. Shule za kata zilipojengwa kwa wingi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) kuanzia 2004, madarasa yalitangulia na maabara zikafuata kwa kusuasua, hadi Rais Kikwete akaagiza kila shule ya kata ijengewe maabara tatu. Mwanafunzi aliyejifunza kemia ubaoni, bila kushika chupa ya asidi, akipata daraja la kwanza amesafiri mbali kuliko yule wa shule ya kulipia aliyemzidi pointi moja. Orodha ya washindi haiuoni umbali huo.

Hivyo mtoto wa mfanyabiashara tajiri anaweza kusomeshwa bure hadi mwisho, na binti wa muuza mbogamboga, akibahatika, akasoma kwa deni. Akiajiriwa, hukatwa 15% ya mshahara wake kila mwezi, mshahara ambao mama na wadogo zake nao wanautazamia. Kuondolewa kwa tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo mwaka 2021 kulipunguza mzigo, lakini aliyeubeba ni yuleyule.

Napendekeza Samia Skolashipu nayo iulize kipato. Heshima ibaki kwa kila aliyeongoza, awe tajiri au maskini: atangazwe, apongezwe, apewe cheti. Fedha zimfuate asiye na namna nyingine ya kusoma, na Baraza la Mitihani, ambalo lina matokeo ya kila shule, lioneshe mwombaji ameipita shule yake kwa kiasi gani. Upande wa mkopo, barua ya mtendaji wa kijiji na mkuu wa shule, inayoeleza kwamba baba hayupo na hatunzi, ipewe nguvu ileile ya cheti cha kifo, na atakayeiandika kwa uongo awajibike kisheria. Mtendaji anaifahamu nyumba hiyo. Mkuu wa shule anakumbuka ni mama yupi aliyekuwa akileta mchango wa chakula kidogo kidogo, elfu mbili leo, elfu mbili baada ya gulio.