Nani Aaminiwe Juu ya Anga la Kivu

Kutoka ufukwe wa Goma hadi kreta ya Nyiragongo hakuzidi kilomita 20, lakini katika mwendo huo ardhi hupanda kutoka mita 1,460 hivi za usawa wa ziwa hadi mita 3,470. Sasa mpe mwanafunzi anayeanza data za ERA5, ambazo hutumika sana katika mafunzo ya modeli za angahewa duniani. Kila mraba wake una upande wa kilomita 31 hivi. Maji, mji na volkano huangukia mraba mmoja au miwili, vikapewa kimo cha wastani, na mlima unaotawala maisha ya Goma ukasawazishwa. Ningependa mafunzo yaanzie hapo: modeli inaposema hivi na kipimo kikasema vile, nani aaminiwe, na kwa kiasi gani?

Swali hilo si geni kwetu. Kule Bunyore, magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi umetabiri mvua kwa vizazi vingi, ukitazama miti inavyochanua na kupukutisha majani, mwendo wa siafu, sauti za ndege na vyura. Mwaka 2008 ulianza mradi uliowakutanisha wazee hao na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na wa kituo cha kikanda cha ICPAC. Kabla ya msimu wa mvua kila upande ulileta utabiri wake, wakajadiliana hadi wakatoa tamko moja. Wataalamu wa modeli wana kazi ileile, ya kuoanisha habari mbili zenye mashaka, ila wao huifanya kwa hesabu.

Ziwani Kivu malezi ni ya namna nyingine. Kijana anayefuata wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hilo, hukaa usiku katika mashua tatu zilizofungwa pamoja, taa zikimulika maji, na mkubwa wake humwonesha bila kumhutubia: upepo unaoshuka milimani una tabia yake, wingu lililosimama juu ya kisiwa cha Idjwi lina yake. Akikosea, kosa huonekana usiku uleule, na gharama yake ni wavu au roho ya mtu.

Mapokeo ya Ulaya yana Lewis Fry Richardson. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa dereva wa gari la wagonjwa nchini Ufaransa, alikokotoa kwa mkono mabadiliko ya kanieneo ya hewa kwa muda wa saa 6, akitumia vipimo vya tarehe 20 Mei 1910. Jibu lake, alilolichapisha mwaka 1922, lilisema kanieneo ingepanda kwa milibari 145. Siku ile barometa ilikuwa karibu imetulia. Miaka mingi baadaye Peter Lynch alirudia hesabu hiyo akaonesha kwamba hitilafu ilitokana na vipimo vya kuanzia, ambavyo havikuwiana. Vilipolainishwa, jibu likawa la maana. Kwa wanafunzi wa Goma, nakipenda kisa hiki kuliko kisa chochote cha kompyuta kubwa. Mtu alifanya sayansi ya anga katikati ya vita, kisha akachapisha kosa lake zima kwa tarakimu.

Tofauti ya mapokeo haya, kwa maoni yangu, imo katika tarakimu hiyo. Mzee wa Nganyi hupima ushahidi, mvuvi pia. Kisichowekwa kwenye daftari ni ukubwa wa kosa. Kanuni ya kuoanisha utabiri na kipimo aliyoitoa Rudolf Kalman mwaka 1960 haifanyi kazi bila namba hiyo. Tuseme modeli inatabiri nyuzi 24, na hukosea kwa nyuzi 2 hivi. Kipimajoto kinasoma 20, na hukosea kwa nyuzi 1. Ukiyazidisha makosa kwa yenyewe unapata 4 na 1, kwa hiyo unaisogeza modeli kuelekea kipimo kwa sehemu 4 kati ya 5, nawe unafikia 20.8. Kosa linalobaki ni kama nyuzi 0.9, dogo kuliko la kila mmoja peke yake. Kwa zoezi hili penseli inatosha.

Programu ya DART ya kuoanisha modeli na vipimo, iliyotengenezwa NCAR, kituo cha utafiti wa anga huko Boulder, Marekani, humwanzisha mwanafunzi kwa milinganyo mitatu ya Edward Lorenz ya mwaka 1963. Ukweli hutungwa, hufichwa, na vipimo vyake hutiwa makosa kwa makusudi, ili mwishoni mwanafunzi aone amekaribia kiasi gani. Ni ufundishaji bora. Lakini ukweli huo wa kutungwa hauna mlima wala ziwa, na hauna mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotuama mabondeni kati ya Goma na Sake na kuua mbuzi na watu. Wakazi wanajua mabonde hayo yalipo.

Mnamo Mei 2023 mafuriko yaliiangukia Kalehe, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, na Bushushu na Nyamukubi zikapoteza watu zaidi ya 400. Mraba wa kilomita 31 hauoni mto unaofurika namna ile. Anayeuona ni mkazi anayejua bonde lipi hujaa kwanza, na kipimamvua kilichowekwa juu mteremkoni.

Kwa hiyo ningemfungulia mwanafunzi wa Goma daftari kabla ya kompyuta: safu ya utabiri wa modeli, safu ya kipimamvua cha uani, safu ya alichosema mvuvi jioni, na safu ya tofauti. Msimu mmoja wa mvua, Machi hadi Mei, utampa makadirio ya kwanza ya kosa la kila mmoja, namba ambazo kanuni ya Kalman hudai kabla ya kutoa jibu lolote.