Somo la Redio: Kuazima Kazi ya Fundi Mwingine

Kila mmoja awe na penseli na daftari lake. Leo tutasoma habari za watu wanaoandika programu za kompyuta. Programu ni orodha ya amri ambazo mashine huzifuata moja baada ya moja. Tutaona jinsi watu hao walivyojifunza kuazimana kazi, na jinsi kuazimana huko kulivyowaponza siku moja.

Kwanza tumfikirie fundi seremala. Akitengeneza mlango hafui bawaba wala kitasa kwa mkono wake. Huvinunua dukani, akavikaza mahali pake. Kama angelazimika kufua kila msumari, angemaliza milango mingapi kwa mwaka?

KABATI LA CAMBRIDGE

Mwezi wa Mei mwaka 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mashine iliyoitwa EDSAC ilifanya hesabu zake za kwanza. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Maurice Wilkes. Amri za mashine zilitobolewa kama matundu katika utepe wa karatasi. Tundu moja likikosewa, hesabu nzima iliweza kuharibika. Wilkes alitambua upesi kwamba sehemu kubwa ya maisha yake itapita katika kutafuta makosa yake mwenyewe.

Dawa yao ikawa hii. Kipande cha programu kilichokwisha kujaribiwa na kuonekana sawa, kwa mfano kile cha kuchapa majibu, kiliwekwa katika kabati. David Wheeler, aliyekuwa mwanafunzi wa Wilkes, alibuni njia ya kukitumia: mashine inakwenda kwenye kipande hicho, na ikimaliza inarudi pale ilipotoka. Kufika mwaka 1951 maktaba yao ilikuwa na vipande 87.

Mwenye haja alichukua utepe kabatini, akaunakili katika utepe wake, kisha akaurudisha. Shikeni jambo hili: aliondoka na nakala yake mwenyewe. Hata kabati lingefungwa kesho, kazi yake isingesimama.

VIPANDE VYAANZA KUSAFIRI

Lakini vipande vya EDSAC vilifaa kwa EDSAC. Mashine ya namna nyingine ilikuwa na amri nyingine, kama watu wa lugha mbili wasiosikilizana. Huko Marekani, Dennis Ritchie alitunga lugha iitwayo C, na mwaka 1973 mfumo wa Unix uliandikwa upya kwa lugha hiyo. Programu ya C huweza kufasiriwa kwa amri za mashine nyingi mbalimbali. Basi vipande vikaweza kuhama kutoka mashine hata mashine. Siku hizi kipande cha namna hiyo huitwa moduli.

Ilipokuja intaneti, kabati likawa la dunia nzima. Watumiaji wa lugha ya Perl walifungua hazina yao, CPAN, mwaka 1995. Watumiaji wa JavaScript walipata chombo chao, npm, mwaka 2010. Mtu hukaa mbele ya kompyuta akaandika mstari mmoja tu: jina la chombo, neno la kuagiza, na jina la moduli. Kitambo kidogo, moduli imefika. Nayo ikiwa inategemea moduli nyingine, hizo nazo huletwa. Umealika mgeni mmoja, wameingia ishirini!

MISTARI 11

Katika hazina ya npm palikuwa na moduli iitwayo left-pad. Ilikuwa na mistari 11 tu. Kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno ili yafikie urefu unaotakiwa. Maelfu ya programu ziliitegemea, na wenyewe wengi hawakujua, kwa kuwa iliingia nyuma ya wageni wengine.

Mwezi wa Machi 2016, mwenye moduli hiyo aligombana na wasimamizi wa hazina kwa sababu ya jina la moduli yake nyingine. Tarehe 22 akaziondoa moduli zake zote. Mara, mahali pengi duniani, mafundi walioagiza moduli zao kama kawaida waliona kazi imekwama. Wasimamizi waliirudisha left-pad kabla ya saa tatu kupita. Baadaye waliweka sheria ya kumzuia mtu asiondoe ovyo kitu ambacho wenzake wanakitegemea.

Wazee walisema: mtegemea cha ndugu hufa maskini. Je, basi, mafundi waache kuazimana? Hapana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ila mwenye nyumba na awajue wageni wake. Fundi mwangalifu huandika orodha ya kila moduli aliyoileta na toleo lake, na hujiwekea nakala, kama walivyofanya watu wa Cambridge kwa utepe wao. Na kazi ya mistari 11 anayoiweza mwenyewe, aifanye mwenyewe.

MASWALI

1. Kwa nini vipande vya programu viliwekwa katika kabati?
2. Lugha ya C ilisaidia nini?
3. Mtu wa Cambridge aliyenakili utepe alikuwa na usalama gani ambao watu wa mwaka 2016 walikuwa wameupoteza?
4. Wewe katika kazi yako unategemea kitu gani cha mtu mwingine? Kikiondolewa leo, utafanyaje?

Jadilianeni na mwalimu wenu. Kwaherini, ndugu wanafunzi, hata juma lijalo.